Patroba na Tangi la Mchanga

Patroba Wanyonyi alizijua tabia za majirani zake wa Likuyani kwa kunusa matope. Tangu mwaka wa 1949, shamba lilipokuwa la mzungu, kazi yake ilikuwa moja: kutunza tangi la mchanga lililochuja maji ya kijito. Juu ya mchanga ule huota utando laini wa kijani, kama ngozi ya uji uliopoa. Hakwenda shule, lakini alijifunza kwa macho yake kwamba utando huo ndio unaosafisha maji. Mchanga ni kitanda chake tu. Ukizidi unene, maji hayapiti. Hapo unaukwangua juu juu kwa sepetu, kisha unasubiri siku tatu mwingine uote kabla ya kumpa mtu maji anywe.

Enzi hizo alikwangua mara moja kwa miezi miwili. Kufikia 1965, shamba likiwa limegawiwa wenyeji, utando uliziba kila wiki. Nao haukuwa wa kijani tena. Ulikuwa mweusi, unateleza kama kamasi, na uvundo wake ulimfuata Patroba hadi kwenye sahani ya obusuma, ugali wake wa jioni.

Akafuata kijito kwenda juu. Akakuta zizi la nguruwe la Cleophas, mwenyekiti wa kamati ya maji, na mfereji wa mavi umeelekezwa majini.

"Mwenyekiti, zamani aliyechafua chemchemi aliizoa kwa mikono yake, wazee wakitazama, na akatozwa kuku."

Cleophas akacheka. "Mzee Patroba, hayo yalikuwanga ya babu zako. Hii ni Uhuru. Nguruwe nao wasinywe?"

"Wanywe. Wasitunyee."

Jumapili baada ya ibada, Cleophas akaita mkutano. Akasema tangi la mkoloni linachelewesha watu. Bomba lipite kando, maji yaje moja kwa moja. Mikono ikainuka kama ya watoto walioonyeshwa sukari. Patroba akaitazama. Watu ambao mama zao hawakuthubutu kunawa miguu chemchemini!

Akaondoka. Nyumbani alikuwa na mjukuu, Ayuma, wa miezi minane, aliyefiwa na mama. Huyo hangenyweshwa mavi ya nguruwe. Akalikwangua tangi lililotelekezwa, akafungulia maji kidogo kidogo, akasubiri siku tatu.

Siku ya nne akateka debe moja. Njiani jirani yake Jescah akamzuia.

"Baba, nigawie kikombe. Mtoto anahara tangu juzi."

"Si uliinua mkono?"

"Niliinua, Baba. Nitukane, lakini nigawie."

Akammiminia bila kumtazama. Kesho yake wakaja wanawake saba, na wa mwisho alikuwa mke wa Cleophas, leso imemfunika uso.

"Mwenyekiti anasokotwa na tumbo," alinong'ona.

Patroba akatema mate kando. "Mwambie ahamishe nguruwe. Siku hiyo nitamletea maji mimi mwenyewe, kwa miguu yangu."

Mwanamke akaenda, asirudi. Nguruwe nao hawakuhama.

Siku mbili baadaye utando ukaziba tena. Patroba akawaambia wale sita waliobaki kwamba kwa siku tatu, hadi utando mpya uote, wachemshe kila tone la bomba, akakunja suruali, akashuka kwenye kamasi ile na sepetu yake.