Meza Mbili za Mama Meno

Mtaani walimwita Mama Meno, naye hakuchukia, maana ndiyo kazi iliyomlisha: kutengeneza meno ya bandia. Daktari huchukua umbo la kinywa cha mgonjwa, basi, kazi yake imeisha. Kumimina plasta, kupanga meno kwenye nta, kusugua na kung'arisha mpaka mtu aweze kutafuna nyama mbele za watu, hayo yote yalimwangukia yeye. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya baba yake. Kila kitu humo kilikuwa na vumbi jeupe isipokuwa kompyuta, ambayo aliifunika kwa kitambaa safi kama mtoto aliyelala.

Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa na siri yake. Mle ndani aliweka programu ya meza ya mchezo. Unafungua ramani, unapanga kete, unarusha dadu, na wenzako walio mbali wanaingia kwa linki uliyowatumia. Wanaiona meza ileile na kusogeza kete zao wenyewe. Mtu mwenye akili timamu anatosheka na nakala moja. Mama Meno alikuwa nazo mbili, zote kwenye kompyuta hiyo moja iliyochoka, zikiwaka kwa wakati mmoja, feni ikilia mpaka unaihurumia.

Na msidhani alikuwa mpenda makuu. Meza moja ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa kitandani chumba cha pili na moyo wake mgonjwa. Nyingine ilikuwa ya kaka yake mkubwa, aliyekuwa mji mwingine na kichwa chake kigumu. Wawili hao hawakuwa wakisemezana.

Mchezo wenyewe aliutunga mama yao walipokuwa wadogo, juu ya kadibodi, kete zake vifungo vya nguo na milango yake njiti za kiberiti. Kuna mji wa kuta nyingi, kuna kengele iliyoibwa, na kuna watu wanaoitafuta. Baba alikuwa Mhunzi. Kaka alikuwa Mwindaji, na sijui mwindaji gani aliyekuwa mwoga kiasi kile, maana kila chumba alichoingia alirudisha njiti nyuma yake ili kinachomfuata kisimpate. Baba akambandika jina la Bwana Milango, na mama alicheka mpaka vifungo vikamwagika. Ilikuwa kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mvua inyeshe au jua liwake.

Mama alipofariki, kaka alichelewa mazishi. Sababu alikuwa nayo, lakini baba hakutaka kuisikia. Alimwambia mbele ya watu, "Wewe umezoea kuja mambo yakiisha. Ukitoka, funga mlango." Kaka alitoka akauacha wazi, wazi kabisa, upepo ukaingia mpaka sebuleni. Baba akainuka mwenyewe akaubamiza. Tangu hapo, ukimtajia mmoja habari za mwenzake, anakuuliza kama huko kwenu mvua imenyesha.

Baba alipoanza kuugua, akasema angependa kuucheza tena mchezo wa mama, lakini Jumamosi mchana kama zamani, na "yule" asiwepo. Kaka alipopigiwa simu akajibu vilevile: Jumamosi tu ndiyo hayuko kazini, na mzee asiwepo. Haya. Mama Meno akawafungulia kila mtu meza yake. Kwenye meza ya baba, yeye ndiye aliyemsogeza Mwindaji, akidai anajaza nafasi tu. Kwenye meza ya kaka alimsogeza Mhunzi kwa maneno yaleyale. Kumbe kila alichofanya mmoja, yeye alikihamishia upande wa pili. Mhunzi akivunja kufuli huku, baada ya muda kidogo anavunja kule. Mwaka mzima wanaume wale waliitafuta kengele moja bega kwa bega, na kila mmoja aliamini yuko na Mama Meno peke yake.

Alifurahia? Thubutu. Alichoka, na kuna siku aliwachukia wote wawili, akatamani kuwabana pua kwa koleo lake la kazini. Lakini daktari alishamweleza kwamba mzee hana muda mrefu, na uzi uliobaki kati ya watu wale ulikuwa huo tu. Wakigundua, kila mmoja angeinuka mezani kwa hasira, na baba angekwenda kaburini na kinyongo chake. Hilo ndilo lililomkosesha raha hata mbele ya sahani ya chakula.

Sasa sikieni. Jumamosi moja toleo jipya la programu lilitoka, ikabidi nakala zote mbili zipangwe upya. Na siku hiyohiyo mwalimu mmoja alikuwa akingoja meno yake ya juu, hataki kurudi darasani akiwa kibogoyo. Nakala mbili kwenye kompyuta moja zina masharti yake: kila moja iwe na folda yake, na kila moja iwe na namba yake ya kuingilia, maana mbili hazikai kwenye namba moja. Ya baba aliipanga vizuri. Ya kaka, kwa haraka, alinakili mipangilio ya baba, akabadilisha folda, akasahau namba. Nakala ya pili ilipotaka kuwaka ikakuta namba imeshashikwa, ikajizima kimyakimya. Yeye akafungua dirisha la pili, akaona ramani ileile, kete zilezile. Atashtukaje, na meza hizo alizifanya mapacha kwa mikono yake? Kumbe madirisha yote mawili yalikuwa yakiitazama meza ya baba. Akanakili linki, akamtumia kaka, akarudi kwenye meno ya mwalimu.

"Nimeingia," kaka akaandika. Walikuwa wakiandika tu. Sauti Mama Meno alizikataza, akasingizia intaneti mbovu.

Baba akaita kutoka chumba cha pili, "Mwanangu, mbona Mwindaji ametangulia? Hata hujaniuliza."

Mikono ya Mama Meno ilikuwa imejaa nta. Hakuwa amemgusa Mwindaji. Akatazama dirisha la kwanza: Mwindaji anaingia ghalani. Akatazama la pili: Mwindaji anaingia ghalani, wakati uleule. Kisha katika madirisha yote mawili mlango wa ghala ukafungwa nyuma yake.

Mama Meno akang'amua: kaka yuko kwenye meza ya baba. Kila kitu cha Mwindaji alikuwa akikihamisha kwa baba, isipokuwa hilo la milango. Kufunga milango ya kwenye kompyuta, ambako hakuna linalokufuata, aliona ni kupoteza muda. Mwaka mzima baba alikuwa na Mwindaji asiyefunga milango, na leo anaye anayefunga.

Mkono wake ukaenda kwenye waya wa umeme.

"Mwanangu," baba akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "mikono yako iko wapi?"

"Iko hapa, baba."

"Basi ibaki hapohapo."

Hakubaki. Alikwenda akasimama mlangoni kwa baba yake. Mzee alikuwa ameketi kitandani, tableti magotini, miwani imeshuka puani. Kwa kawaida alitoa amri tu, naye binti akamsogezea kete. Leo alikuwa akimvuta Mhunzi kwa kidole chake mwenyewe mpaka kwenye mlango wa ghala. Akaufungua.

Kaka akaufunga.

Baba akaufungua tena.

Maneno ya kaka yakatokea kwenye kioo cha tableti. "Dada, utani gani huu? Leo unacheza kama yeye."

Baba akayasoma maneno yale midomo ikicheza. Kisha yeye, ambaye hakuwahi kuandika kitu kwenye kifaa kile, akaanza kutafuta herufi mojamoja, akikosea, akifuta, akianza upya. Akaandika: "si dada".

Mwindaji alitoka kwenye kona ya ghala, akaja mpaka mlangoni, akasimama hapo, ana kwa ana na Mhunzi. Halafu jina la kaka lililokuwa likiwaka pembeni mwa ramani likafifia.

"Ameondoka?" baba akauliza.

"Ameondoka, baba."

"Umenidanganya mwaka mzima."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Na yeye ulimdanganya?"

"Na yeye pia."

Mzee alivua miwani akajifuta macho kwa kona ya shuka. "Macho yangu haya siku hizi hayana msaada. Hebu nitazamie. Ameufunga?"

Mama Meno akainama kutazama. Kete ya Mwindaji ilikuwa imebaki palepale kizingitini. "Hakuufunga, baba. Ameuacha wazi."

Kidole cha mzee kikainuka kuelekea kwenye mlango ule. Mama Meno alikijua kidole hicho, na alimjua mwenye nacho, akajiandaa kuona kila kitu kikibamizwa kwa mara ya pili. Kidole kikaning'inia hewani. Kisha kikarudi polepole juu ya blanketi.

"Siku ile niliinuka nikaufunga," baba akasema. "Safari hii siinuki. Usiizime kompyuta."

Hakuizima. Alirudi karakanani na kuketi mbele ya meno ya mwalimu, simu ameiweka karibu na mkono, na kila feni ilipobadilisha mlio aligeuka kutazama lile jina lililofifia.