Samaki wa Makombe Chumbani kwa Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo na mpira wa kunyonyea uchafu, nikaambiwa nisimguse samaki yeyote. Ilikuwa huko Bunju, kwenye kampuni ya kufuga na kuuza samaki, enzi za ruksa, biashara za watu binafsi zilipokuwa zikichipuka kila upande. Samaki wetu wa mapambo walitoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wakisafiri ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. Wote ni ndugu wa perege, ila wadogo na wenye rangi kama doti za kanga.

Msimamizi wa matangi, mzee wa Kigoma, alipoitikia shikamoo yangu aliniuliza, "Unaona nini humo?"

"Naona rangi, mzee."

"Rangi mwachie mnunuzi. Wewe tazama nani anamfukuza nani."

Nikatazama hadi macho yakazoea. Mbuna, samaki wa miamba ya Nyasa, hula ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe. Ukimlisha nyama, tumbo humvimba, akafa. Dume hujitwalia jiwe na kulilinda kama shamba la urithi, kwa hiyo unampa majike kadhaa, mawe mengi, na majirani wa kutosha ili ukorofi wake usimwangukie mmoja. Samaki mpole usimweke humo kabisa.

Baadaye nilihamishiwa karantini, yaani matangi ya kuwatenga wageni mpaka tujue hawana ugonjwa. Kisha Meneja akaanza kuuza matangi ya kioo kwa wenyeji wa mjini, akanituma niwe nayahudumia majumbani. "Mchana nyumbani wapo akina mama," alisema. "Wewe, mwanamke mwenzao, watakufungulia."

Ndivyo nilivyofika Mwananyamala kwa mwalimu mmoja mjamzito. Mimba zake za nyuma zilikuwa zimeharibika, na hospitali walimwamuru alale tu mpaka ajifungue. Mumewe alimnunulia tangi ili apate cha kutazama, akachagua mbuna kwa uzuri wao.

"Dada, liondoe hili," Mwalimu aliniambia, amegeukia ukutani.

"Limekukosea nini, Mwalimu?"

"Kila nikiamka, kuna mmoja anaelea. Mie nimezika vya kutosha."

Nilikaa kwenye mkeka nikatazama. Madume mawili ya buluu yaligombania jiwe moja, waliobaki wamejibanza nyuma ya pampu ya hewa, mapezi yamechanika. Nikamwomba asilitoe tangi hadi nirudi.

Kwa Meneja ilikuwa mwiko samaki aliyeuzwa kurudishwa, maana angeweza kutuletea maradhi. Nilimweleza habari za yule mama, nikaomba tumbadilishie samaki. Akatikisa kichwa. Ndipo msimamizi aliposema, "Nitawaweka karantini mwenyewe, Meneja. Likitokea lolote, ni juu yangu."

Meneja akanigeukia. "Basi mpelekee wa makombe. Hao ndio wa kukaa chumbani na mgonjwa."

Samaki wa makombe hazidi kidole. Kwao Tanganyika huishi ndani ya makombe matupu ya konokono, sakafuni mwa ziwa. Niliwatandikia mchanga laini, nikaweka makombe mengi kuliko samaki ili asikose mtu nyumba, na maji ya kisima chetu yenye chokaa kama ya ziwa lao. Sikuwachanganya na aina nyingine.

Nilipokwenda tena, Mwalimu alikuwa ameugeukia upande wa tangi. "Yule wa kushoto ana vituko," alisema. "Kachimba mchanga, kamzibia jirani mlango. Leo wameamka wote."

Wiki zikapita hivyo. Siku moja niliingia, akajiwekea kidole mdomoni kuniashiria nisipige kelele. Kwenye mlango wa kombe kulikuwa na vitoto vidogo kama chenga za mchele. Alisogeza kidole kwenye kioo, na yule mama samaki akakirukia bila woga. Mwalimu akacheka, kisha akalia.

Niliona nisimfiche. "Hawatakua wote, Mwalimu."

"Najua," alisema. "Lakini leo wapo."

Alijifungua salama, binti. Mumewe alikuja Bunju mwenyewe kutuambia, akampa mkono msimamizi, akashindwa kuuachia. Meneja aliingia ofisini, akachelewa kutoka.

Niliendelea na kazi hiyo mpaka magoti yalipokataa kukunjika. Nyie mnaoanza ufugaji huu, kabla ya kununua ulizeni samaki katoka ziwa gani, anakula nini, na anaishi vipi na wenzake. Mimi niliulizia kwa watu walionivumilia. Msimamizi ametangulia mbele ya haki, na kila nikimkumbuka ninamwombea.

Yule binti sasa ni mtu mzima. Samaki hawampendezi hata kidogo, anafuga kuku. Nilipostaafu alikuja na mama yake, wameniletea trei ya mayai. Niliipokea kwa mikono miwili, tukakaa barazani, Mwalimu akanisimulia upya habari za yule wa kushoto.