Ujumbe wa mama nilioumeza, wiki ya kura za baba

Wakuu, assalaam alaykum. Mnaotaka kunipa shikamoo, marahaba, nimezipokea zote kwa pamoja, maana nimeshapita themanini na nahisi humu ndani nyote ni wajukuu zangu.

Mwaka wa pili huu nasoma tu jukwaa hili, sijawahi kuandika. Juzi niliona uzi wa kijana anagombea udiwani kwa mara ya pili, anaomba ushauri. Mkamjaza habari za mabango na fulana. Mimi nikabaki namfikiria mkewe.

Nitakayoyasema ni kweli tupu, sijapata kumwambia mtu. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie.

Baba yangu, Bwana Nassor, alikuwa mjumbe wa Baraza la Mji hapa Unguja, miaka ya hamsini. Alikuwa na duka la vitambaa, na nyumba yetu ilikuwa ndani ya huo mnaouita Mji Mkongwe. Sisi tukisema mjini, basi.

Mara ya kwanza alipogombea, aliyempa kiti ni mama.

Msishangae. Wanawake hatukuwa na kura. Lakini mama alivaa buibui lake akapita nyumba hadi nyumba, akakaa majikoni, akasikiliza habari za mtaro ulioziba ukajaa uvundo mtaa mzima. Wake wakawaambia waume zao usiku, na waume asubuhi wakadhani wamewaza wenyewe. Baba akapita. Mtaro ukazibuliwa.

Muda wake ulipokwisha akataka kusimama tena. Safari hii mji ulikuwa umeanza kuchemka. Watu waliokunywa kahawa kwenye baraza moja miaka na miaka wakawa wanapishana bila ya salamu.

Mama hakupenda. Siku moja walikuja wageni wa baba kupanga mambo ya kura, mama akiwamiminia kahawa, akasema, "Bwana, safari hii kaa. Kiti hichi kitatupotezea watu."

Kumwambia vile mbele ya wanaume! Baba alikuwa mtu mwema lakini hasira zake zilikuwa karibu. Akasema, "Basi nimekuacha."

Talaka moja. Mama alimaliza kumimina kahawa, vikombe vyote, kisha akapanda juu kufunga nguo zake.

Najua masheikh wa humu mtasema mwanamke hukaa eda nyumbani kwa mumewe. Ni kweli. Lakini mama alikuwa na kibri chake, akenda kwao Bwejuu kwa kaka yake, Mjomba Ameir. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, nikabakishwa mjini kwa ajili ya skuli, pamoja na baba na shangazi yangu Bi Zuwena, ambaye na mama hawakuwa wakipikika chungu kimoja.

Kwa vijana msiojua: talaka ikiwa moja, mume ana haki ya kumrejea mkewe maadamu yumo ndani ya eda. Anasema tu nimekurejea, yamekwisha. Eda ikitoka, mwanamke yuko huru.

Baba alijuta kesho yake. Aliniambia mwenyewe, akifungua duka, "Mamako atarudi. Kura zikisha, nnakwenda mwenyewe kumchukua." Wenzake wa kampeni walikuwa wamemwambia kuwa akionekana sasa hivi anamkimbilia mwanamke shamba, watu watamcheka na kiti kitakwenda. Akatazama kalenda ya dukani, akahesabu miezi mitatu. Kura zilikuwa kabla, na siku zinabaki. Akatulia.

Mimi sikutulia. Nilimtamani mama mpaka mwili ukawa unaniuma. Nililala na kanga yake moja aliyoisahau kwenye kamba, na harufu ya asumini ilipoanza kupotea nikaikunja nikaificha ili isiishe upesi. Nikitoka skuli nikiingia ndani naita "Mama!" kwa mazoea, na shangazi anaitika "Naam" kutoka jikoni. Ile naam yake ilikuwa ikinitoa machozi.

Skuli ilipofungwa siku chache nikaruhusiwa kwenda Bwejuu. Gari la shamba mpaka linapoishia, kisha miguu mchangani. Mama alinikumbatia tukakaa vile kitambo.

Siku ya kurudi akanikalisha kitandani, akafunga mlango.

"Mwambie babako hesabu si ya kalenda yake, ni yangu mimi. Mwezi huu nikiingia tu siku zangu, mara ya tatu hii, eda imetoka. Wiki hii au ijayo. Kama anakuja, aje sasa."

Nikasema, "Nitamwambia."

Wakuu, jamani. Msichana wa Kiunguja, wakati ule, amwambie baba yake habari za siku za mama! Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nimevunja ungo, na hilo baba hakupata kulisikia kinywani mwangu. Kwa nini mama alinituma mimi? Kwa sababu hakuwa na mtu mwengine. Kaka yake ni mwanamume, na shangazi asingelifikisha.

Nilifika mjini, nikamkuta baba chumbani na wanaume watatu wanapitia majina ya wapiga kura. Nikasimama mlangoni.

"Naam, mama?" Ndivyo alivyokuwa akiniita.

"Mama anakusalimia."

Akatabasamu, uso wote ukafunguka. "Mwambie nnakuja. Siku bado tele."

Najua mtaniuliza, si ungeandika karatasi? Niliandika. Nikayaona yale maneno kwa mwandiko wangu, nikaichana. Nikajiambia kesho. Kesho nyumba ilijaa watu. Keshokutwa baba alikuwa hana sauti kwa kusema. Nami nilitaka kuamini kalenda yake, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Baba alishinda. Mtaa ulipiga vigelegele, shangazi akapika pilau.

Siku ya tatu akakodi gari, akanunua halwa na jozi tatu za kanga, akanichukua. Njia nzima alikuwa akizungumza. Atamtilia mama dirisha jipya jikoni. Sikuwahi kumwona baba na furaha ile kabla, wala baada ya hapo.

Mjomba Ameir alitukaribisha sebuleni na wazee wawili wa kwao. Mama hakutoka. Sauti yake ilikuja nyuma ya pazia, na hapo nikajua, maana mke hajifichi kwa mumewe.

"Mwambieni Bwana Nassor nshatoka eda tangu Jumatatu."

Baba alisimama. "Jumatatu? Mbona hukunambia?"

"Nlikwambia. Nlimtuma mwanangu."

Wanaume wote wakanigeukia. Nikatazama mkeka. Pazia likasogea kidogo, nikajua mama ananiona. Alikuwa akinijua kuliko mtu yeyote. Akaelewa pale pale kwamba maneno hayakufika, na kwa nini.

Akasema, "Nasema uongo. Sikumtuma. Nlighafilika."

Baba akauliza polepole, "Kumbe ulikuwa ukingoja itoke?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Wangeliweza kufunga ndoa mpya siku ile ile, wazee walikuwepo. Sikusema. Na mama hakujibu.

Baba aliziacha kanga na halwa pale pale, tukarudi mjini. Akakaa kwenye kiti chake cha Baraza. Baada ya mwaka mama akaolewa Jambiani, na mimi nikawa mgeni wa kwenda na kurudi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Nkufedhehi mbele ya wanaume wote wale? Ulikuwa mtoto."

Nikamwuliza kama alikuwa akitaka kurudi.

"Nlishafunga nguo za kurudi," akasema.

Funzo langu ni hili: haya ni nzuri, lakini wafundisheni watoto wenu, wa kike hasa, kwamba kuna maneno lazima yasemwe hata ukiwa unatetemeka. Na nyinyi kina baba, msiwe watu wa kuogopwa kuambiwa jambo.

Nawakaribisha mchangie. Aliyewahi kushika neno la mtu asilifikishe, aseme alifanyaje baadaye, maana mimi sikufanya kitu. Nilimuuguza baba mpaka mwisho wake. Siku za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Mamako hakunitaka." Nikamfunika shuka vizuri, nikamwambia alale.