Gari Lisilowaka kwa Kusukumwa

Harufu ya petroli iliyochanganyika na mdalasini ndiyo asubuhi ya utoto wangu. Kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Uluguru upande wa Kinole, babu mzaa mama alikuwa na pikapu kuukuu ya kushusha ndizi na viungo Morogoro mjini, na betri yake ilishakufa siku nyingi. Hakuna aliyeona tabu. Wanawake walitua vikapu, sisi wasichana tukajifunga kanga viunoni, tukaegemeza mabega kwenye bodi lenye umande na kulisukuma gari kuelekea bondeni. Babu alitia gia ya pili huku amekanyaga klachi. Gari lilipochanganya mwendo aliiachia, injini ikakohoa, ikashtuka, ikanguruma, na moshi ukatufunika tukicheka. Umoja ni nguvu, walituambia, nasi tuliamini kwa sababu tuliusikia ukinguruma.

Babu alipofariki, neno la mwisho likawa la mjomba Rajabu, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Uluguru mjomba akisema, amesema. Aliiuza pikapu bila kumuuliza mama wala mdogo wao, mama mdogo Zuhura, akaleta gari dogo jeupe, otomatiki, lisilo na klachi. “Aibu ya kusukuma gari imekwisha katika nyumba hii,” alitangaza, na watu wakapiga makofi. Watoto tulikatazwa hata kuligusa. Jioni alikaa ndani yake milango ikiwa wazi, redio ikiimba, ili kila apitaye njiani ajue ni la nani.

Masika ile mama mdogo alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi moja, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba, na damu ikaanza kumtoka. Tulimlaza kiti cha nyuma. Mjomba akazungusha ufunguo; gari likatoa mlio mkavu, basi. Redio ilikuwa imeinywa betri yote. Majirani hawakusubiri kuitwa, kusukuma tulikuzoea. Tulilisukuma mpaka bondeni, halikuwaka. Tukalirudisha kilimani kwa tope, miguu ikiteleza, tukalisukuma tena. “Nguvu! Mbona mnasukuma kama wagonjwa?” mjomba alifoka dirishani. Nilikuwa nyuma, uso wangu karibu na kioo, nikamsikia mama mdogo akisema taratibu, “Kaka, nishushe. Nibebeni tu.” Mjomba akamjibu, “Tulia, linawaka sasa hivi.”

Halikuwaka. Tulikuwa tunalirudisha tena kilimani alipotokea fundi Kibwana, aliyekuwa akitengeneza pikapu ya babu. Alitutazama, akashika kichwa. “Bwana Rajabu, si nilikwambia siku ile ile ulipolileta? Otomatiki halisukumwi likawaka. Msukume mpaka Dar, ni kazi bure.”

Mama aliliachia gari, akaenda mpaka dirishani. “Ulikuwa unajua?”

Mjomba hakumtazama. “Sasa ningesemaje mbele za watu?”

Wanaume walimtoa mama mdogo wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabara kubwa, ambako lori la mchanga liliwachukua. Jioni mama alirudi amefumbata nguo za mtoto zisizovaliwa. Alikuwa wa kike. Muuguzi alimwambia kwamba walipofika mjini mtoto alikuwa ametoka kukata roho tumboni. Mama mdogo alipona, lakini hakushika mimba tena. Mjomba alisimama matangani akasema ni kudra ya Mungu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwetu aliyeficha alikuwa mwingine, na aliyekosa mtoto alikuwa mwingine.

Sasa naishi Morogoro mjini, na gari langu ni otomatiki. Sina ugomvi na gari. Betri ikiisha, napiga hodi kwa jirani tuunganishe nyaya na yake, na sijawahi kufa kwa aibu. Mjomba ni mzee wa heshima siku hizi. Shughulini huwekewa kiti cha mbele, na vijana humkimbilia na shikamoo zao. Ninapotaja asubuhi ile huambiwa yaliyopita si ndwele. Kwa nani? Idi iliyopita, mbele ya mkeka wa pilau, aliwasimulia wajukuu jinsi kijiji kizima kilivyosukuma gari siku ile kwa umoja, kisha akahema: kudra ya Mungu. Utotoni nilifundishwa kutomkatiza mkubwa. Nami sasa ni mkubwa.

“Mjomba,” nikasema, “waambie na kwamba ulijua.”

Sauti zikanizomea pande zote, adabu iko wapi, kaa kimya. Mama mdogo Zuhura, aliyekuwa akipakua, aliweka upawa chini.

“Mwacheni aseme,” alisema. “Mimi nimengoja miaka yote hii mmoja wenu aseme.”