Wembe Ukiwa Kooni

Wanaume wa Somanga walikuwa wakimcheka Fundi Kondo, na kusema kweli walikuwa na haki ya kumcheka. Mtu mzima, fundi cherehani anayejulikana na makondakta wote wa mabasi ya Lindi, hajawahi hata siku moja kujinyoa ndevu! Alinyolewa na mkewe. Kila Ijumaa asubuhi alikaa kwenye kigoda uani, shingo kaiegemeza nyuma, macho kayafumba, na Bi Kazija akamnyoa kwa wembe wa kukunja. Wembe wenyewe ulikuwa wa baba yake Kazija, kinyozi wa Kivinje. Siku alipomwozesha binti yake alimkabidhi ule wembe mbele ya watu, vijana wake wa kiume wamekodoa macho. "Utamnyoa mumeo," alimwambia. Basi akamnyoa, miaka thelathini na minane.

"Siku mkeo akinuna, Kondo, tutakuzika," wenzake walimtania barazani.

"Akinuna ndiyo ananyoa vizuri zaidi," alijibu, akajipapasa shavu lake laini ili wamwonee wivu.

Jambo moja hakuwaambia. Kondo alikuwa mbishi, mtu wa kubishia hata bei ya chumvi, na Kazija alikuwa amekwisha kuijua dawa yake. Akiwa na neno zito, hakulisema mezani wala kitandani. Alisubiri wembe ufike kooni. "Nyamaza, Baba Warda, nimefika kooni," angesema, halafu taratibu kabisa angeendelea: "Yule mbuzi nimemuuza." Au: "Dada yako anakuja kukaa mwezi mzima." Au, siku ile asiyoisahau: "Warda ameposwa na mtu wa Dar, nami nimemkubali." Sasa Kondo angesema nini, na chuma kile kimelala juu ya koromeo? Mpaka anafutwa uso kwa taulo, shauri lilikuwa limekwisha. Aligomba, ndiyo, lakini aligomba kwa kuchelewa.

Mwezi wa saba Kazija alianguka jikoni kwa presha, na hakuamka tena. Watu wakaja, wakazika, wakasoma, wakala, wakarudi makwao. Kondo akabaki na nyumba, na wembe juu ya kabati.

Wiki ya tatu, ndevu zikiwa zimemjaa nyeupe kama za shehe wa kuazima, alikwenda saluni ya pale barabarani. Kinyozi alikuwa Jerome, mtu wa Newala, mpole, mwenye adabu. "Shikamoo mzee, nikufanyie freshi?" Akamnyoa kwa mashine, muziki ukilia, macho yake yakiwa kwenye televisheni. Hakumkata wala hakumwumiza. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai, akakiachia. Kondo alipofika nyumbani ndipo alipotambua kwamba tangu siku ya mazishi ule ndio mkono wa kwanza wa mtu kumgusa uso, na ulikuwa na haraka. Alikaa kwenye kigoda chake akalia. Mtu mzima, ndiyo, alilia, na anayetaka kumcheka kwa hilo na amcheke. Saluni hakurudi tena.

Badala yake aliuteremsha wembe. Alijiambia: mimi nimeshika mkasi tangu utoto, chuma hiki kitanishinda nini? Akakitoa uani kile kioo kirefu cha wateja, akachota maji, akasugua sabuni ya mche. Lo! Sabuni ikakataa. Badala ya povu ikatoka tope jeupe lenye chembechembe, kama mtindi uliokatika. Akajipaka hivyo hivyo. Akaukandamiza wembe kama akatavyo kitambaa kizito cha jinzi. Alipomaliza alikuwa na majeraha manne, huku nusu ya ndevu ziko pale pale zinamtazama.

Uso huo ndio alioukuta Warda alipokuja kwenye arobaini ya mama yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Warda alimtazama, akakitazama kipande cha gazeti kilichogandia damu shavuni. "Nani amekupiga?"

"Wembe wa mama yako."

Akacheka, kisha akalia, kisha akakunja uso kwa namna ambayo Kondo aliijua vizuri mno. Warda alikuwa Kazija mtupu akikasirika. "Baba, mimi siwezi kulala huko Mbagala nikiwaza kwamba siku moja utajichinja na ukutwe baada ya siku tatu. Desemba watoto wakifunga shule nakuja. Nikikuta uso huu, tunafunga nyumba, tunaondoka wote. Chumba kipo, na mume wangu ameridhia."

"Na nikijinyoa vizuri?"

"Nikuone kwa macho yangu unajinyoa, hutoi damu hata tone. Hapo utabaki, sitakusumbua tena."

Wengine wangesema mzee ana bahati, ana binti wa kumlea. Kondo hakutaka. Huko Mbagala alikwishafika mara mbili, nyumba nzuri, yenye feni. Lakini haikuwa na ukuta hata mmoja uliowahi kusikia sauti ya Kazija. Nyumba ya Somanga ilikuwa imejaa sauti hiyo, na yeye alikuwa hajamaliza kuisikiliza.

Akaanza kujifunza, basi, kwa bidii ya mtu anayeogopa. Aligundua kwamba wembe haukandamizwi, unaachwa upite kwa uzito wake. Alikumbuka mlio wa Kazija akiunoa kwenye ukanda wa ngozi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akaupigilia ukanda ule ule mlangoni naye akanoa. Alijifunza kwamba ngozi nayo ina mwelekeo wake kama kitambaa, ukienda kinyume itakuchoma. Kilichomsumbua zaidi ni mkono wa kushoto. Kazija alikuwa akiivuta ngozi chini ya sikio kwa vidole viwili ili ikae sawa. Mtu akijinyoa mwenyewe hana budi kuupitisha mkono juu ya kichwa ndipo alifikie shavu la pili, na Kondo alipojiona kiooni amejishika hivyo, alifanana na mwanamke anayelia msiba.

Pamoja na yote hayo, alitoka damu kila Ijumaa. Alijipaka shabu, lile jiwe la vinyozi linalozuia damu, machozi yakamtoka. Septemba ikapita, Oktoba ikapita. Novemba alianza kukubali moyoni kwamba ataondoka, akaacha hata kupokea nguo mpya za kushona.

Ijumaa moja jirani yake Mwanahija, aliyekuwa shoga wa Kazija tangu usichana, alipiga hodi uani akileta mihogo. Akamkuta Kondo ana damu kidevuni na bakuli mkononi. Akachungulia bakulini.

"Shemeji, haya maji gani?"

"Maji, Mwanahija. Maji ni maji."

"Ya kisimani?"

"Sasa ya wapi?"

Mwanahija akapiga makofi. "Makubwa! Shemeji, kisima chetu kina chumvi, sabuni itatoa povu saa ngapi? Unajinyoa na sabuni iliyokufa! Mwenzio alikunyoa kwa maji ya mvua maisha yako yote. Hukujua?"

Hakujua. Wageni wanaoshuka kwenye mabasi wakionja chai ya mtaa ule hukunja nyuso, lakini wenyeji wameyanywa maji yale tangu kuachishwa ziwa, na kwao hayana chumvi yoyote. Kondo angeweza kujinyoa miaka kumi, akaulaumu mkono, akaulaumu wembe, akaulaumu uzee, asiyalaumu maji.

Mwanahija alimpeleka stoo, nyuma ya gunia la mkaa. Palikuwa na mtungi mkubwa, umefunikwa kawa, na mdomo wake umefungwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kipande cha shati lake mwenyewe Kondo. Alipokifungua, ndani kulikuwa na maji mpaka nusu, baridi, meupe.

Hapo ndipo kumbukumbu ilipomjia, akatamani asingeikumbuka. Kila mvua kubwa iliponyesha Kazija alitoka mbio na mabeseni na masufuria, akayapanga chini ya ukingo wa bati, kanga imemganda mwilini. Na kila mwaka yeye Kondo alisimama mlangoni akifoka: "Wee Mama Warda, mtoto mdogo wewe? Toka kwenye mvua!" Kazija alicheka. "Nina kazi yangu," alisema. Miaka thelathini na minane mume wake hakumwuliza ni kazi gani. Aprili iliyopita alimfokea vile vile, tena kwa maneno makali zaidi, kwa sababu kelele za masufuria zilimwamsha usingizini.

"Nilikuwa namgombeza," alimwambia Mwanahija.

"Tunajua. Tulikuwa tunakusikia mtaa mzima." Halafu, alipoona uso wake, akaongeza: "Alikuwa anacheka, shemeji. Akija kwangu anakuigiza."

Ijumaa iliyofuata sabuni ilitoa povu zito, likapanda mpaka puani. Wembe uliteleza. Wiki mbili mbele alijikata mara moja tu, padogo, chini ya sikio. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza siku nyingi, kumbe ulikuwa ukisubiri maji.

Lakini hapo ikaanza shida nyingine, na hii hakumweleza mtu. Kila alipochota, mtungi ulipungua. Kwanza alitumia bakuli, akashuka kwenye kikombe, kisha maji ya kulowesha brashi tu. Uso aliusuuza kwa maji ya kisima, kwa makusudi. Maji yale yalikuwa kazi ya mwisho ya Kazija ambayo ilikuwa bado haijaisha. Aliona akiyamaliza, Kazija atakuwa amekufa kweli. Usiseme ni upuuzi. Mtu anayekaa peke yake huwa na hesabu zake za moyo, na hazifanani na za wenye watu.

Desemba Warda akaja, yeye na watoto wawili. Jioni ile ile alishika ufagio. Alifagia uvungu, akaanika magodoro, akafua mapazia. Kondo alimwacha, akafurahi kuisikia nyumba ikiwa na purukushani.

Ijumaa asubuhi alichota kikombe chake kabla hawajaamka, akaweka kioo uani, akanoa. Warda alitoka na sufuria ya uji, akaketi kwenye kizingiti, anamtazama. Kondo alijua kwamba saa yake imefika. Akapaka povu. Shavu la kulia likapita. Mkono juu ya kichwa, la kushoto likapita. Wembe ukaendelea kushuka, hadi kooni.

"Halafu Baba," Warda akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "ule mtungi wa stoo nimeumwaga sasa hivi. Maji yalikuwa ya zamani, yana viluwiluwi, watoto wasije wakaumwa. Nimeusugua kwa mchanga mpaka umetakata."

Wembe ukasimama. Ulikuwa juu ya koromeo lenyewe. Kondo alitaka kulia au kutukana, hakujua ni lipi, na akajua vile vile kwamba koo likicheza kidogo tu damu itatoka, na damu ikitoka nyumba itafungwa. Kwenye kioo alimwona binti yake nyuma yake, kichwa kakiinamisha upande, sura ya mama yake. Neno zito limesemwa wembe ukiwa kooni, na jibu halina mahali pa kupitia.

Hakutikisika. Aliuacha wembe umalize njia yake, taratibu, mpaka chini. Akaufuta kwenye taulo, akaukunja.

Warda akaja, akampapasa uso kwa kiganja kizima, kidevu, mashavu, shingo. Hapakuwa na damu hata tone. "Haya Baba, umenishinda," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Baki kwako."

"Ahsante, mwanangu."

Hakumwambia. Angemwambiaje? Mtoto alisafisha nyumba ya baba yake kwa mapenzi, kwake kosa lilikuwa wapi? Baadaye, jua lilipopanda, alikwenda tu nyuma ya nyumba, ambako mtungi ulikuwa umeinamishwa juani, akaingiza mkono ndani, akapapasa. Ulikuwa umekwisha kukauka.

Jumapili Warda na watoto walipanda basi. Watoto walipunga mikono dirishani mpaka basi likapinda. Kondo akarudi kwenye nyumba aliyoipigania miezi minne, akafungua mlango, na ikawa yake, yote, vyumba vitatu na ua.

Jumatano mvua ya kwanza ikashuka mchana, kwa kishindo. Kondo aliruka kutoka kwenye cherehani, akakusanya mabeseni, ndoo na masufuria yote, akayapanga chini ya ukingo wa bati. Akalowa chapachapa. Bati likalia, masufuria yakalia, na yeye akasimama katikati ya kelele ile akiutazama mlango wa nyumba yake. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kumfokea. Alisimama sana pale, zaidi ya kazi ilivyotaka, kisha akaingia kubadili nguo.

Ijumaa aliketi mbele ya kioo na maji aliyoyakinga mwenyewe. Povu lilikuwa zuri. Akanyoa shavu la kulia, akanyoa la kushoto, na alipofika kooni akatulia kabisa, kama alivyofundishwa. Tangu alfajiri hakuwa amesema neno na mtu yeyote, lakini alinyamaza vile vile. Akauacha wembe pale pale kwenye koromeo, akasubiri aambiwe.

Barabarani basi lilipiga honi, likapita. Kondo akamalizia koo, akajifuta uso, akavaa kanzu akaenda msikitini.