Nyama ya Ngamia Juu ya Kioo cha Jua

Aibu hii ni yangu, sina wa kumsingizia, na marehemu mume wangu angekuwa hai angecheka mpaka kofia imdondoke. Ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1997, hapa Garissa (naikumbuka kwa kuwa niliiandika ubaoni mwenyewe, mimi niliyeshika kalamu mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na mmoja).

Jumamosi iliyotangulia, Bwana Mutua, mhandisi wa kampuni ya umeme, alitueleza kwamba mvua zimebadili tabia, mabwawa yamepungua maji na moshi wa jenereta za dizeli unaizidishia dunia joto, kwa hiyo wanajaribu umeme wa jua. Darasa letu la kina mama, lililo uani kwangu, likawekewa kioo cha kunasa jua juu ya paa, betri na taa. Taa ikiwaka Jumatano mbele ya wakubwa wa kampuni, kioo ni chetu. Isipowaka, kinapelekwa mji wa Griftu.

Basi Jumapili nikanunua nyama ya ngamia, nikaikata vipande vyembamba vya kukausha, ili wageni waondoke na nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa (mjane mwenye heshima haagi mgeni mikono mitupu), nikatafuta pa kuanika, nikakiona kioo kile: safi, kimoto, mbuzi hawakifikii. Nikajiambia jua la Garissa linatosha kioo na nyama pia. Nikaanika, nikafunika kwa chandarua.

Jumatano Bwana Mutua akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Nami, badala ya kunyamaza, nikasimama kifua mbele: “Bwana Mutua, jua mmelikuta hapa, hamkulileta ninyi. Mlichotuletea ni kioo kibovu!”

Kina mama wakapiga vigelegele. Ndipo jirani yangu Halima akaita kutoka nje: “Abaayo, dada yangu! Hii ndege kubwa nakula nini juu ya stima yetu?”

Korongo watano, wale wa jalalani, walikuwa wakivutana na chandarua changu. Bwana Mutua akapanda, akashuka na kipande cha nyama kati ya vidole viwili.

“Mama, kioo ni kizima. Kimekaa kivulini siku tatu. Kivuli cha ngamia.”

Wallahi, hata wakubwa walishika mbavu. Lakini walipomaliza kucheka wakaamuru kioo kishushwe. Ikanibidi nisimame tena, mbele ya wenzangu wote, niseme, “Kosa ni langu,” maneno matatu mazito kuliko hotuba nzima. Bwana Mutua akaniombea muda hadi Ijumaa, nami nikakisugua kioo kwa sabuni mpaka kucha zikauma.

Ijumaa taa iliwaka. Nami nimeapa: simlaumu mtu hadharani kabla sijatazama nilichoanika mwenyewe.