Nilivyoenda kutoa posa Kilema macho yakiwa mekundu kama nyanya

Wakuu, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Shahidi nimekaa naye hapa mezani, anamenya ndizi huku anachungulia simu yangu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Twende.

Miaka ya tisini inaelekea ukingoni, nilikuwa guide msaidizi mlimani, njia ya Marangu. Damu inachemka, tip za wageni zipo, na mchumba nimeshampata: Manka, binti wa Kilema, kijiji cha hapo hapo chini ya mlima.

Shida ilikuwa baba yake.

Mzee alikuwa katekista na alikuwa na vita na gongo. Mbege ya wazee, pombe yetu ya ndizi, sawa, hata yeye alikunywa. Gongo na bangi, usimsogelee. Kabla yangu kuna kijana alienda kumposa dada yake Manka akiwa na macho mekundu. Alirudishwa na pombe yake hata kabla ya kukaa, na Kilema nzima walijua.

Sasa, mimi nilikuwa na miwani ya jua niliyoachiwa na mteja mmoja Mjerumani. Mikubwa, ina vifuniko vya ngozi pembeni. Ukiivaa unafanana na fundi wa kuchomelea mageti. Nilikuwa naionea aibu.

Wiki ya posa nikashuka mjini Moshi, soko la mitumba. Kipindi kile vitu vya nje ndiyo vimeanza kumwagika, kila kitu kinang'aa. Nikakutana na miwani nyeusi tii, nyembamba, fremu ya dhahabu. Muuzaji akaniambia, "Braza, ukiingia ukweni na hii wanakupa na nyongeza."

Nikabadilishana naye kwa ile ya Mjerumani. Tena nikaondoka haraka, nikidhani nimempiga!

Safari ya mwisho kabla ya posa tulikuta theluji mpya. Tumefika summit, jua limechomoza, chini kweupe, juu kweupe. Mimi na dhahabu yangu napiga picha na clients. Najiona, wakuu. Najiona kweli.

Jioni tumeshashuka kambi ya Horombo, macho yakaanza kuwasha. Baadaye ikawa kama mtu kanimwagia mchanga na pilipili. Machozi hayakatiki, mwanga wa tochi tu napiga yowe. Kesho yake nilishushwa nimeshikwa mkono kama bibi harusi.

Nisiwadanganye, kupofuka sikukuwaza sana. Nilimuwaza yule mzee. Posa ni kesho, pombe imeshapikwa, na mimi macho ni nyanya.

Mpagazi mmoja akashauri nitiwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, akafoka, "Maziwa apewe mtoto! Wewe twende hospitali."

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mcheshi. Akanimulika, nikaruka, akacheka. Akaishika ile miwani, akaigeuza. "Mwanangu, hiki ni kioo kimepakwa rangi tu."

Akanielewesha, na sijasahau. Ile nukta nyeusi katikati ya jicho, mboni, ni tundu. Jua likiwa kali linajibana lenyewe, giza likiingia linapanuka. Ukivaa kioo cheusi, jicho linadhani kumekuchwa, linafungua mlango. Kama kioo hakizuii mionzi ya UV, ambayo hatuioni, inapita kwa raha zake.

"Na theluji inairudisha kutoka chini, na pembeni uko wazi," akasema. "Hii konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, imeungua na jua kama mgongo unavyoungua. Umelipika jicho lako."

Itapona yenyewe, akasema. Kitambaa cha maji baridi, kukaa gizani, kutosugua kabisa, na dawa ni ile aliyonipa yeye tu. Akaniazima miwani ya giza ya hospitali na kunionya nisiivue kwenye mwanga.

Jamani! Nikae mbele ya wakwe na miwani nyeusi?

Ndivyo tulivyoingia Kilema. Mbege mbele, mimi nyuma nimeongozwa. Minong'ono ikaanza. Mzee akamuuliza mjomba, "Mshenga, kijana wako anaficha nini? Avue."

Nikavua. Machozi yakamwagika.

Mama Manka akashika mdomo. "Mae! Analia! Anampenda mwanangu huyu!"

"Analia au amelewa?" Mzee akauliza.

Niliogopa kweli, nikaona Manka ndiyo anaenda hivyo. Nikasema, "Shikamoo baba. Sijalewa. Ni theluji."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata ningekuwa mimi nisingeamini.

Mzee akainuka, akanishika kidevu kama anakagua mbuzi mnadani. Uso wangu ulikuwa umeungua, mashavu yanabambuka, isipokuwa mistari miwili myembamba kuzunguka macho, umbo lile lile la fremu ya dhahabu. Akaangalia. Akaangalia tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Huyu katoka juu!" akasema huku anacheka. Kumbe ujanani alibeba mizigo mlimani, na yeye yalimpata. "Fungeni madirisha! Shusheni mapazia, mtoto anaumia!"

Mtoto, wakuu. Kaniita mtoto. Hapo nililia ya kweli.

Posa yangu ilifanyika gizani. Wazee wanapapasa kata ya mbege, mjomba akamkalia shangazi wa watu, vicheko mtindo mmoja.

Manka alipoletwa nilimwona kama kivuli chenye kitenge. Akaninong'oneza, "Unaniona?"

"Nusu."

"Nusu nyingine utamalizia ukipona."

Mpiga picha alipoinua kamera, Manka akawahi kunifunika macho kwa kiganja kabla flash haijawaka. Picha iko sebuleni mpaka leo. Mimi sina macho, yeye anacheka meno yote.

Nilichojifunza: weusi wa kioo siyo kinga, ulizia kama kinazuia UV. Jicho likiuma usilisugue, usilitie maziwa wala majani, nenda kwa wataalamu. Na mlimani vaeni miwani ya fundi wa mageti, aibu haiunguzi.

Waliowahi kuungua macho na waliovuliwa miwani ukweni, leteni za kwenu, nipo hapa.

Manka kasoma mpaka hapa. Ananiuliza ile nusu nyingine niliimaliza lini.

Nimemwambia bado naangalia.